UZI: Mwandishi wetu wa kwanza wa vyakula Zanzibar ni Bibi Salme. Anaepinga aje na hoja

#1 KibabaNaPishi
Assalaam aleikum wana jamvi. Bibi yangu mzaa mama ni mpishi wa shughuli, kapikia harusi na khitma za mji huu tangu mie sijazaliwa, sasa macho yamepungua na mkono unatetemeka. Tangu mfungo mosi nimeanza kumwandikia mapishi yake kwenye daftari. Wallahi haandikiki. Mchele anakupa kwa kibaba, ngano kwa pishi, samli kwa kikombe kile kile cha bati chenye mpini uliokatika, lakini ukifika kwenye viungo anakwambia "tia hiliki mpaka ijulikane". Ijulikane na nani bibi? "Na mwenye pua."

Basi katika kutafuta nani kaandika kabla yangu nikarudi kwenye kitabu cha Sayyida Salme, yule binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliyeolewa na Mjerumani, kilichotoka Berlin 1886. Anasema pale Beit el Sahel unga, mchele na sukari vilihisabiwa kwa magunia, samli ikija kwa mitungi kutoka kaskazini, hasa Sokotra, na kitu pekee kilichopimwa kwa ratili ni viungo. Nikacheka peke yangu. Kasri wanapima viungo tu, bibi yangu anapima kila kitu isipokuwa viungo.

Sasa mie nasema huyu ndie mwandishi wetu wa kwanza wa vyakula na mwanahistoria wake. Sio wale waliokuja baadae na vitabu vya picha za Forodhani. Anaepinga karibu.

#2 PwezaMkavu
Napinga. Kuna resipe hata moja mule? Kuhisabu magunia ni kazi ya karani wa stoo.

#3 BiHiliki
Umeanza vizuri kaka, ila nyumba ile waliopika ni watumwa. Yeye kakaa kwenye sefra, meza ya chakula, kaletewa. Leo tumpe yeye cheo cha mwandishi wa vyakula na waliokaa motoni hawana hata jina?

#4 MwanaWete
Yakhe huu uzi utakuwa mrefu, ngoja nikatie chai. Kwanza nauliza, Pemba imo kwenye hicho kitabu au ndo kama kawaida tunakumbukwa siku ya karafuu?

#5 MaalimWaMkunazini
Tuweke tarehe sawa kwanza ndio tugombane. Salme kazaliwa Beit el Mtoni 1844, mama yake Jilfidan, Mcherkesi. Baba yake kafariki baharini 1856. Kwa hiyo sefra ya Sayyid Said anayoieleza, ile meza ya chini watoto wanakaa kwa umri, wakubwa karibu na baba, hakuna anaepiga soga, ile kaiona akiwa mtoto, haikufika zaidi ya miaka 12. Akaondoka Unguja 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa na kuolewa Aden 1867. Kitabu kimetoka 1886. Hebu hisabuni wenyewe: baina ya kula na kuandika imepita miaka 30. Mie sisemi anasema uongo, nasema ile ni kumbukumbu ya mtoto, na mtoto anakumbuka vikubwa. Samaki anaebebwa na watu wawili. Wapagazi wa matunda 30, 40 mpaka 50 kwa siku. Ndio maana resipe hakuna PwezaMkavu, mtoto haambiwi kitunguu kinakaangwa mpaka kiwe rangi gani.

#6 PwezaMkavu
Maalim shukran. Kwa hiyo unaniunga mkono.

#7 MaalimWaMkunazini
Hasha. Sijakuunga mkono hata kidogo.

#8 Ngalawa77
Kuna kitu nyote mnakiruka. KWA NINI aliandika habari za chakula? Mumewe kafariki 1870 kwa ajali ya tramu Hamburg, kamwachia watoto watatu wadogo, pesa hakuna, akawa anafundisha Kiarabu ili waishi. Kitabu ni riziki. Wajerumani wakati ule wanataka kusikia harimu, dhahabu, matowashi na masinia ya wali. Akawapa wanachotaka. Hiyo sio historia ya chakula, hiyo ni biashara, na simlaumu, mjane na watoto watatu ugenini ningeuza hata hadithi za shangazi zangu.

#9 Ukhti_Darajani
Nakataa kidogo #8. Alikuja Unguja 1885 na manowari za Wajerumani kudai urithi kwa kaka yake Sayyid Barghash, Sultani wa wakati huo, akarudi mikono mitupu. Mwaka unaofuata kitabu kinatoka. Mie nikisoma zile sura za nyumbani kwao namuona mtu anaemwambia kaka yake na dunia nzima "mie natoka nyumba hii, nilikula sefra hii, msinifanye mgeni". Anaedai urithi anataja mpaka mitungi ya samli.

#10 KaridiYaBaridi
Niko Uingereza mwaka wa kumi na moja. Nyote mmekosea. Baridi ya kwanza niliyopiga huku nilikaa jikoni chumba cha kupanga, nje giza saa kumi alasiri, nikachukua bahasha ya bili nikageuza nyuma nikaanza kuandika: mkate wa kumimina wa Bi jirani, ng'onda wa kuchoma, mbirimbi kwenye mchuzi, mashelisheli ya kukaanga, uji wa pilipili manga. Sikuwa naandikia mtu yeyote na hakuna aliyenilipa. Nilikuwa na njaa, na sio ya tumbo. Ile bahasha ninayo mpaka leo, bili yenyewe nililipa kwa kuchelewa. Salme ni hivyo hivyo. Si wanasema kazikwa na mfuko wa mchanga wa Unguja? Mtu anaehifadhi mchanga miaka yote ile atashindwa kukumbuka samli imetoka wapi?

#11 BiHiliki
#10 umenitoa machozi na niko kwenye daladala, watu wananiangalia.

#12 Ngalawa77
Sawa hamu ya nyumbani ipo. Lakini hamu haikuzuii kuuza. Hata wewe KaridiYaBaridi ungeletewa mkataba wa ile bahasha ungesaini.

#13 KaridiYaBaridi
Ningesaini saa hiyo hiyo 😂

#14 MtumbatuHalisi
Mnazunguka na wafalme tu. Mwandishi wa kwanza wa vyakula vya Zanzibar ni Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, kafika huku karne ya 14 kaeleza wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na embe na pilipili na tangawizi mbichi. Ukisoma unasikia harufu ya harusi.

#15 MaalimWaMkunazini
Mtumbatu ndugu yangu, Ibn Battuta hakutia mguu Unguja wala Pemba. 1331 alishuka Mogadishu, akapita Mombasa akalala usiku mmoja, akaenda Kilwa. Wali wa samli na ndizi za maziwa na achari ni Mogadishu. Mombasa kasema watu chakula chao kikubwa ndizi na samaki. Sisi katupita kwa jahazi.

#16 MtumbatuHalisi
Basi alipita usiku, angeona Tumbatu angeshuka. Ila Maalim kubali, wali wa samli na achari, ni huku huku tu pwani, tofauti jina la bandari.

#17 MwanaWete
Chai nimemaliza. Sasa nije na Pemba. Nyie mnatafuta mwandishi wa karatasi, sisi mwandishi wetu ni JAA. Watafiti wa mambo ya kale walichimba kule Tumbe na Chwaka, wakapepeta udongo wakapata mbegu zilizoungua. Tumbe ya zamani, karne ya 8 mpaka ya 10 hivi, watu walikula zaidi mawele. Chwaka kuanzia karne ya 11 na kuendelea, mchele ukatawala. Yaani mbegu zilizomwagika jikoni miaka elfu iliyopita ndo zinatwambia lini Mpemba kaanza kupenda wali. Nani kawazidi hao wapishi kwa kuandika?

#18 PwezaMkavu
Chwaka ipi hiyo, mbona mie natoka Chwaka sijawahi kuona mchimbaji zaidi ya wachimba kaa?

#19 MwanaWete
Chwaka ya PEMBA yakhe, kaskazini kule karibu na Tumbe yenyewe, wilaya ya Micheweni. Waunguja mnadhani kila jina ni lenu.

#20 MaalimWaMkunazini
MwanaWete kasema kweli, ndio kazi ya Sarah Walshaw, na hoja yake nzuri ni kuwa mchele unapanda pamoja na mji na pamoja na Uislamu kukita, msikiti mkubwa, karamu, kualikana. Mawele unakula na wanao. Wali unamwalikia mtu.

#21 Ukhti_Darajani
"Wali unamwalikia mtu", hii naiba.

#22 KibabaNaPishi
Mie mleta uzi, nimerudi, kumbe mmeshafika karne ya 8. BiHiliki nakujibu wewe kwanza maana umenigusa. Ni kweli wapishi hawatajwi majina. Lakini katika wote walioandika wakati ule, yeye ndie aliyeshuka mpaka uani. Anaeleza kona wanyama wanachinjwa na kuchunwa pale pale, jikoni kelele, wapishi wanagombana mpaka mkubwa wao anagawa makofi. Kasema walipika Kiarabu na Kiajemi na Kituruki kwa sababu nyumba ile ina watu wa kila kabila na kila mmoja na tumbo lake. Hebu nitajieni mzungu gani wa balozi kaandika kuwa wapishi wa sultani wanapigana makofi.

#23 BiHiliki
Nimesoma hapo na ndio hasa ninapouma meno kaka yangu. Anawaona kama mchezo wa kuchekesha. Kofi lile mtu kapigwa kweli. Na huyo aliyepigwa ndie aliyejua Kituruki kinatiwa nini na Kiajemi kinatiwa nini, akafundisha mwenziwe, mwenziwe akafundisha bintiye, ndio leo bibi yako anakwambia "mpaka ijulikane". Ile elimu haikupita kwenye kitabu hata ukurasa mmoja. Mie bibi yangu Makunduchi alikuwa hajui hata Salme ni nani na bokoboko lake lilikuwa linavutika kama ulimbo.

#24 FundiMofa
Naomba niingie, mie baba yangu alikuwa na mofa Ng'ambo. Mnasema Kituruki Kiajemi, hebu angalieni majina tu. Mkate wa ajemi, Ajemi ni Iran. Mofa yenyewe, Wayemeni wana tanuri yao jina hilo hilo na wana mkate kama ule. Bokoboko Waomani wanaliita harisi. Chapati, Mhindi. Meza unayowekea chakula, Mreno. Shelisheli, jina linakwambia limetoka wapi. Historia yote ya chakula tunaitamka kila siku na kinywa kimejaa.

#25 Ngalawa77
Na muhogo Mreno kautoa Amerika. Futari nzima ya Mzanzibari ni muhogo, lakini Mzanzibari anaapa muhogo kaurithi kwa Nabii Adam.

#26 SalmaWaMichenzani
Na urojo je? Mie niliambiwa Wahindi.

#27 PwezaMkavu
Haya, tumeshapotea.

#28 FundiMofa
Bajia, kachori, kweli ni Wahindi. Lakini embe mbichi kwenye supu, muhogo wa kukaanga juu, mishkaki juu ya yote? Mhindi gani wa Gujarati alikupa mishkaki ya ng'ombe. Huo ni mkono wa mama wa Kiswahili aliyeuza barazani akaona kila mteja anataka kitu chake akatia vyote.

#29 SalmaWaMichenzani
Mama mmoja kwetu (simtaji) aliniuzia urojo wiki iliyopita nimehisabu vipande vya nyama: kimoja. Na kilikuwa mfupa. Nani ataandika hiyo historia?

#30 MzeeWaForodhani
Vijana, mie mtu mzima kidogo, nimewasoma kwa kicheko. Mnasahau njaa. Historia ya chakula ni pamoja na siku hakipo. Wazee wangu walihadithia vita vya pili, Mjapani alipoiteka Burma 1942 mchele ukakatika, maana Unguja ilikuwa inakula mchele wa Burma, watu wakaambiwa limeni muhogo na viazi. Halafu mie mwenyewe nikaja kuona ya mwanzo wa miaka ya 70, bidhaa za nje zimezuiwa, foleni ya mchele, foleni ya unga, foleni ya sukari. Nilikuwa mtoto wa kutumwa. Nilipanga tangu alfajiri na mfuko wa ukili, nilipofika dirishani mpimaji akafunga, akasema umekwisha. Nyuma yake naliona gunia. Nilirudi nyumbani mama hakusema kitu, akachukua ndizi mbichi akazikatakata kama kokoto akazitia nazi, akapakua kwenye sinia la wali, akaweka na bakuli la mchuzi pembeni kama kawaida. Tukala kwa mkono kama tunakula wali. Mpaka leo sijakuta jina la chakula kile kwenye kitabu chochote.

#31 KaridiYaBaridi
Shikamoo mzee. Nyumbani kwetu kiliitwa "wali wa kujifanya", mama anacheka akikitaja, sikuwahi kujua kwa nini.

#32 MzeeWaForodhani
Marhaba mwanangu. Sasa unajua.

#33 MwanaWete
Kwetu Pemba mzee ilikuwa ngumu zaidi, babu yangu alisema walikuwa wanasubiri fenesi lianguke. Hii inafaa uzi wake.

#34 Ukhti_Darajani
Aje mtu afungue. Turudi. Kuna mmoja hamjamtaja: R. O. Williams, 1949, kile kitabu cha mimea ya Unguja na Pemba, cha chapa ya serikali. Kila mti, jina la Kiswahili, matumizi. Mie ndicho kilichonifundisha kuwa doriani na shokishoki ni wageni kama karafuu. Kama mnataka mwanahistoria wa chakula anaepima na kutaja vitu kimoja kimoja, basi huyo, sio binti wa kasri.

#35 Ngalawa77
Huyo kaandika mti, sio chungu. Mti hauna chumvi.

#36 MaalimWaMkunazini
Ukhti ana hoja lakini. Karafuu yenyewe ni mgeni wa mwanzo wa karne ya 19, Salme kakua inapandwa na kuchumwa mashamba ya baba yake. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja, ndio Pemba ikachukua usukani. Salme wakati huo yuko Ujerumani. Kwa hiyo Unguja anayoieleza kwenye kitabu 1886 haipo tena, miti imeanguka, baba hayupo, na Beit el Sahel nayo ikaja kubomolewa kwa mizinga 1896. Mie nilipokuwa kijana nilikwenda makumbusho ya Kasri pale Forodhani nikazunguka natafuta ule ua wa jikoni, nikamsumbua mlinzi wa watu. Kumbe jengo lenyewe sio lile.

#37 MwanaWete
"Pemba ikachukua usukani." Screenshot nimepiga, naitia fremu.

#38 PwezaMkavu
Usukani mlichukua na mpaka leo hamjajua kuendesha.

#39 MwanaWete
Endelea hivyo hivyo, siku ya kuja Wete kutafuta halua utapata ya kugandia kwenye meno.

#40 BiHiliki
Mie Maalim kwa maelezo yako #36 ndio nimelainika kidogo. Kama anaandika jiko ambalo limeshavunjika basi hata kama hakutaja majina angalau ule ua upo. Ila bado sijampa cheo. Nampa nusu.

#41 Ngalawa77
Nusu ya cheo ni kibaba ngapi?

#42 FundiMofa
Pishi ni vibaba vinne, kwa hiyo nusu pishi ni viwili. Mpe vibaba viwili.

#43 KibabaNaPishi
Ahsanteni nyote. Nimerudi kwa bibi jana baada ya isha, nikamsomea vipande, vya wapagazi wa matunda, vya samaki wa watu wawili, vya ratili. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, kwa vidole, maana hauoni vizuri, anahisi jiwe kwa ncha ya kidole analitupa pembeni bila kusita. Alisikiliza vizuri tu. Akauliza: "Huyo binti Sultani, kasema bokoboko nyama inatolewa mifupa kabla au baada?" Nikamwambia hakusema bibi. Akauliza: "Ngano kaloweka usiku?" Nikamwambia hakusema. Akanyamaza, akapepeta ungo mara mbili. Halafu akaniambia leta hilo daftari lako, andika, mifupa inatolewa baada. Usiandike mpaka ijulikane, andika hiliki saba. Nikamuuliza mbona siku zote ulikuwa unakataa? Akasema nilikuwa sijui kuna watu wanapima.

#44 BiHiliki
Saba kwa kiasi gani cha ngano kaka???

#45 KibabaNaPishi
Ndio hapo nimekwama, nilipouliza akasema "kwa chungu kile kikubwa".

#46 SalmaWaMichenzani
Hicho chungu kipimeni kwa maji, litashuka jibu. Na nina shughuli Ijumaa ya wiki ijayo, watu themanini, bibi bado anachukua kazi au amestaafu? Ni-PM.

#47 PwezaMkavu
Mie naja kwenye hiyo shughuli. Shughuli ya Kiswahili haina haja ya mwaliko.

#48 MwanaWete
Na mimi. Nitakuja na halua.